Walinzi Watatu Katika Kompyuta ya Kasoki

Kila Jumamosi mchana Kasoki alimsuka binti yake upya. Nywele za Clarisse zilikuwa bado nzuri, maana zilisukwa Jumamosi iliyopita. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya Koko, na Kasoki hakutaka Koko amwone mjukuu wake na nywele za juma zima.

Koko ni bibi. Ndivyo Wakongo wengi wanavyomwita. Koko huyu alikuwa mama mzazi wa Kasoki. Aliishi Butembo, mashariki ya Kongo, kwa Anésie, mdogo wake Kasoki. Kasoki mwenyewe aliishi Auburn, Sydney, ghorofa ya pili, upande wa reli. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Mume wake, Wilondja, aliendesha forklifti, gari la kuinulia mizigo, katika ghala moja kule Seven Hills. Clarisse alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka saba, na alizaliwa hapahapa Sydney. Koko hakuwahi kumwona, ila katika picha za karatasi.

Na Koko alikuwa anapofuka.

Mwezi wa tano wa mwaka ule, 2013, daktari wa Butembo alimpima. Alisema ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebakiwa na miezi michache. Dawa ya matone ingechelewesha giza, isingelizuia.

Koko hakulia. Alimwambia Anésie, "Basi nimuone mtoto kwanza. Picha haicheki. Nataka kumuona akicheka."

Kwa hiyo wakapanga. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, Anésie alimpeleka Koko mjini, mahali pa kukodi kompyuta yenye intaneti. Saa hiyo Sydney ni saa kumi na moja jioni. Kasoki, Wilondja na Clarisse walikaa mbele ya laptopu yao kwenye meza ya kulia. Walipiga simu ya picha.

Jumamosi ya kwanza kompyuta ilichukua dakika kumi na moja kuwaka. Wilondja alizihesabu kwa saa yake. Kisha feni ilianza kuvuma. Simu ilipoita, kiduara kilizunguka katikati ya kioo, kikazunguka, kikazunguka. Sauti ya Anésie ilikuja vipandevipande. Kisha kioo kikawa cheusi.

"It's frozen again," alisema Clarisse, yaani imekwama tena. Alikielewa Kiswahili chote cha wazazi wake, lakini alijibu kwa Kiingereza kila siku.

Jumamosi ya pili ikawa hivyohivyo.

Jumamosi ya tatu picha ilipita, mara moja tu. Kasoki alimwona mama yake, kitambaa cha kijani kichwani, akisogeza uso karibu kabisa na kioo. Clarisse alipepesa macho. Hapo hapo kila kitu kikakwama. Anésie akapiga simu ya kawaida.

"Tuko tunamuona Clarisse," alisema. "Lakini amefumba macho. Amebaki vile, hatingishiki."

Nyuma yake Kasoki alisikia sauti ya Koko ikiuliza, "Mtoto amelala?"

Kasoki alifunga laptopu. Alikwenda jikoni, akafungua maji, akasimama pale maji yakimwagika bure.

Sasa nikueleze kilichokuwa ndani ya kompyuta ile. Nakuomba usimcheke Wilondja, maana mimi sitamcheka.

Wilondja ni mtu wa Baraka, kando ya ziwa. Baba yake alikuwa na duka, na duka lilikuwa na mlinzi mmoja. Siku moja watu walimnunua yule mlinzi. Alifungua mlango mwenyewe. Wilondja alimzika baba yake, kisha akakimbilia kambini Uganda, ambako alikutana na Kasoki. Tangu hapo Wilondja haamini mlinzi mmoja. Mlango wa nyumba yake Auburn ulikuwa na komeo tatu, ingawa mwenye nyumba alinung'unika.

Kompyuta ilipokuja ilikuwa na antivairasi moja ndani yake, ya kujaribu. Antivairasi ni programu inayozuia virusi, yaani programu mbaya zinazoharibu kompyuta au kuiba habari. Baadaye kulikuwa na harusi ya waumini wenzao kanisani. Video za harusi zikapita nyumba kwa nyumba kwenye flashi, kama kawaida yao. Kila familia iliichomeka flashi, ikanakili, ikampa jirani. Flashi ile ilikuwa na virusi. Kompyuta ya Wilondja ikaanza kufungua vitu peke yake. Wilondja aliogopa. Akaweka antivairasi ya pili. Kisha Murhula, mwenzake wa kwaya aliyejulikana kuwa anajua mashine, akamwekea ya tatu.

"Mmoja akilala, wawili wako macho," alisema Murhula.

Wilondja alifurahi sana siku ile. Simu za Jumamosi zilipopangwa, akafanya jambo jingine. Aliiambia ile ya kwanza ikague kompyuta nzima kila Jumamosi saa kumi na moja jioni. Kwa nini saa hiyo? Kwa sababu saa hiyo ndiyo walifungua nyumba yao kwa dunia. Alitaka mlinzi awe mlangoni.

Jumamosi ya nne na ya tano zilipita. Anésie alisema Koko ameanza kugonga meza na viti. Alisema pia kwamba nauli ya pikipiki ya kwenda mjini si neno, lakini Koko anarudi nyumbani kila mara akiwa kimya, na hali chakula.

"Ni intaneti ya Butembo," alisema Wilondja.

"Watu wengine banapiga Butembo kila siku," Kasoki alijibu. "Mama Ninahazwe wa kanisani anaongea na ndugu zake vizuri. Ni mashine yetu."

"Mashine yetu iko na ulinzi kamili."

"Ulinzi wa nini, Papa Clarisse? Mama yangu anapofuka!"

Wilondja alikuwa mtu mpole, na hakujua la kufanya. Hilo ndilo lilimuumiza Kasoki zaidi. Angekuwa mkali, wangegombana, na pengine angepumua.

Jumamosi ya sita kompyuta haikuwaka kabisa mpaka saa kumi na mbili. Anésie na Koko walikuwa wamekwishaondoka.

Jumanne iliyofuata Kasoki alikuwa uani, akianika nguo. Majira ya baridi yalikuwa karibu kwisha, na upepo ulizungusha kamba za nguo. Jirani wa ghorofa ya chini, Jerusha, alitoka na ndoo yake. Jerusha ni Mkenya. Alifanya kazi hospitalini, si kama muuguzi, bali katika ofisi inayotengeneza kompyuta za wafanyakazi. Kasoki alimsalimu. Alitaka kusema habari za baridi, lakini akalia, shati la kazi la Wilondja likiwa mkononi.

"Pole, dada. Pole sana. Kuna msiba?"

"Bado," alisema Kasoki. Akamweleza yote.

Jerusha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na hamkuniita? Mimi niko hapa chini tu."

"Tuliona haya. Wewe iko na kazi yako."

"Haya ya nini sasa? Kesho sina shifti. Wilondja akitoka job, nitapanda."

Jumatano alasiri Jerusha alipanda. Alikaa mezani, akawasha laptopu, akasubiri. Dakika kumi zilipita. Wilondja alisimama nyuma yake na fulana yake ya njano ya ghalani, mikono nyuma.

Kompyuta ilipowaka, Jerusha alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Orodha ikatokea. "Hapa tunaona nani anafanya kazi gani ndani ya machine," alisema. "Hebu angalia, Mama Clarisse. Hatujafungua kitu hata kimoja. Lakini prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iko asilimia mia. Na RAM, hiyo ni nafasi ya kufanyia kazi, mko na GB mbili tu. Imejaa. Nani ameijaza? Huyu, na huyu, na huyu."

"Hao ni nani?"

"Antivairasi. Tatu."

"Ni mimi niliweka," alisema Wilondja. "Ni walinzi."

Jerusha aligeuka kumtazama. Hakucheka. "Baba Clarisse, wacha nikuulize. Ghala lenu lina geti?"

"Iko nayo."

"Weka walinzi watatu kwenye geti moja. Hawajuani, na hakuna anayemwamini mwenzake. Lori likija, wa kwanza anafungua kila boksi. Wa pili anafungua boksi zilezile. Wa tatu pia. Halafu wanaanza kupekuana wao kwa wao, kwa sababu kila mmoja anamwona mwenzake kama mwizi. Lori litaingia saa ngapi?"

"Halitaingia," alisema Wilondja.

"Ndiyo hivyo. Kila antivairasi inasoma kila kitu kinachofunguka. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini zikiwa tatu zinagongana, na zikigongana hata virusi vinaweza kupita. Hamko salama zaidi. Usalama wenu ni mdogo kuliko wa mwenye moja."

Akabonyeza tena, akasoma. "Na hii ya kwanza imepangwa ikague machine nzima Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mnapiga simu saa ngapi?"

Treni ilipita nje, vikombe vikatetemeka kabatini. Wilondja alivuta kiti, akakaa taratibu.

"Kumbe ni mimi nilimfungia mama mlango," alisema.

Kasoki alisimama. "Toa zote! Jerusha, nakuomba, toa zote, leo, tubaki bila hata moja!"

"Hapana, dada. Ukitoa zote, flashi moja tu ya kwaya itaiua hii machine kabisa. Tunahitaji moja, nzuri na nyepesi."

"Nyepesi tutaijua namna gani?" aliuliza Wilondja. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila moja inasema yenyewe njo nyepesi, yenyewe ndiyo nyepesi."

"Swali zuri. Matangazo usiyasikilize. Kuna maabara ambazo si za kampuni hizi. Kazi yao ni kupima antivairasi, na matokeo wanayaweka kwenye intaneti, mtu yeyote anasoma bure. Mimi naangalia mambo mawili pamoja. Inakamata virusi vingapi? Na inachelewesha kompyuta kiasi gani? Ikiwa nyepesi lakini haikamati kitu, huyo ni mlinzi mwembamba tu."

Kwa mara ya kwanza Wilondja alitabasamu kidogo. Kasoki hakutabasamu.

Jerusha alifungua matokeo ya maabara mbili kwenye simu yake, akawaonyesha. Alichagua chache zilizopata alama nzuri pande zote. Kisha akasoma mahitaji ya kila moja, kuona kama inakubali Windows yao ya zamani na RAM ya GB mbili. Mbili aliziacha hapo hapo. Moja ilitaka nafasi kubwa. Nyingine ilikuwa na mapambo mengi: kisafishaji, upau wa kutafutia, vitu vya kuharakisha kompyuta.

"Hivi vyote vinakula RAM," alisema. "Sisi tunataka mlinzi, hatutaki mlinzi, mpishi na mpiga ngoma. Hii hapa ni ndogo, ni bure kwa matumizi ya nyumbani, na imepimwa. Na kumbukeni, kompyuta mpya nyingi zinakuja na ulinzi wa Windows wenyewe. Kwa watu wengi huo unatosha, bora usasishwe."

Alishusha programu kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. "Usishushe kwingine, na usibonyeze tangazo linaloruka na kusema kompyuta yako ni mgonjwa. Huyo ndiye mwizi mwenyewe." Akazima intaneti. Akaondoa antivairasi ya kwanza, akawasha kompyuta upya. Akaondoa ya pili, akawasha upya. Ya tatu iligoma, ikaacha mabaki. Jerusha alitoa kwenye flashi yake programu ya kuyaondoa, iliyotengenezwa na kampuni ileile. Kisha akaweka ile nyepesi, akarudisha intaneti, akaisasisha, akaitumia kukagua kompyuta nzima. Kazi ile ilichukua saa mbili. Antivairasi mpya ilikamata virusi viwili. Vyote viwili vilikuwa ndani ya video za harusi.

"Walinzi watatu hawakuviona," alisema Wilondja.

"Walikuwa wanaangaliana," Jerusha alijibu. "Sasa ukaguzi mkubwa tutaupanga siku gani? Lini hakuna mtu anaitumia?"

"Jumanne asubuhi," alisema Kasoki. "Mimi niko ninasafisha nyumba."

"Jumanne basi, ikiwa kwenye umeme. Ulinzi wa kila saa unabaki umewashwa siku zote, huo usiuzime kamwe. Na flashi yoyote, hata ya pasta, kwanza ikaguliwe, ndipo ifunguliwe."

Waliizima, wakaiwasha. Wilondja alitazama saa yake. Dakika mbili kasoro. Feni ilikuwa kimya.

Jerusha akashuka kwake, akawapigia kwa picha kutoka kompyuta yake. Alitokea kwenye kioo, safi, kila unywele unaonekana. Alikunja pua na kutoa ulimi. Clarisse akacheka sana, akionyesha pengo la meno mawili ya mbele, na cheko lake lilifika chini na kurudi bila kukatika.

Kasoki alimtazama mtoto akicheka. Akahesabu kwa vidole. Siku tatu.

Tangu Jumatano ile kompyuta ya Kasoki haijakwama. Wilondja alimwendea Murhula, wakaondoa antivairasi mbili kwake, na mbili kwa familia nyingine ya kwaya. Hilo ni jema, na ndilo lililonifanya niandike, ili wewe unayesoma usichelewe. Kompyuta yako ikiwa nzito, fungua leo uone ina walinzi wangapi. Ila siwezi kukuficha habari za Jumamosi.

Jumamosi Kasoki alimsuka Clarisse mistari myembamba, na ncha akazifunga shanga nyeupe. Saa kumi na nusu Wilondja alikuwa tayari mezani. Alihakikisha hakuna kinachokagua. Saa kumi na moja alipiga.

Iliita mara mbili tu. Picha ikaja, yote kwa mara moja. Waliona chumba cha kule Butembo, kalenda ukutani, na Anésie. Waliona Koko na kitambaa chake cha kijani. Kasoki aliona mpaka mikunjo ya shingo ya mama yake, na akapiga kelele ya furaha.

Anésie hakufurahi. Alikuwa ameuma mdomo, kama mtu aliyekatazwa kusema.

"Mama!" aliita Kasoki. "Mama, unatuona? Clarisse huyu! Angalia!"

Koko aligeuza uso kuelekea sauti. Macho yake yalipita kando ya kioo, yakatua ukutani.

"Jumatatu niliamka," alisema Koko. Kila neno lilifika zima. "Nikamuuliza Anésie, mbona hamujafungua dirisha? Akasema dirisha liko wazi."

Kasoki alishika ukingo wa meza. Jumatatu. Siku mbili kabla Jerusha hajapanda zile ngazi. Wilondja alikwenda kusimama mlangoni, uso kwenye zile komeo tatu, mabega yakitikisika. Kasoki alimwona na hakumwita. Hakuwa na neno la kumpa siku ile, na sitasema uongo kwamba alikuwa nalo.

"Can she see me?" Clarisse aliuliza kwa sauti ndogo kama Koko anamwona.

"Iko hapo, mtoto?" aliuliza Koko. "Clarisse, mimi nilikuona mara moja. Ulikuwa umefumba macho. Hiyo njo nimebaki nayo. Kila nikikutafuta kichwani, unalala."

Kwenye simu za kawaida Clarisse hakuwahi kumjibu Koko kwa Kiswahili. Alikuwa akirudisha simu kwa mama yake. Sasa alisogeza kiti. Alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, na shanga za nywele zake zikagonga kompyuta. Alifikiri kwa muda mrefu, akitafuta maneno moja moja. Picha haikukwama. Feni haikuvuma. Kule Butembo Koko alisubiri, kichwa kimeinama upande wa sauti.

"Koko," alisema Clarisse. "Macho yangu iko wazi."